Nembo Iliyoganda Kiooni: Je, Televisheni Yatibika?



Katika miezi ya karibuni tumeulizwa swali moja kwa maneno mbalimbali. Mmoja asema televisheni yake imeungua. Wa pili asema imeingia kivuli. Wa tatu, ambaye ni mtu wa mzaha, adai kuwa ya kwake imepigwa chapa kama ng'ombe wa mnadani. Wote wanaeleza jambo lile lile: kwenye pembe ya kioo imebaki nembo ya stesheni fulani, wala haiondoki hata wakibadilisha stesheni, hata wakiwafungulia watoto katuni. Picha inapokuwa ya rangi moja, kama mbingu ya buluu au majani ya uwanja wa mpira, nembo huonekana pale pale, hafifu, mfano wa doa la chai katika kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

Na chanzo chake, katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza, si kigeni kwetu. Matangazo ya moja kwa moja kutoka Msikiti Mtukufu wa Makka hurushwa saa 24, na wazee wetu huyafungua baada ya sala ya Alfajiri, yasizimwe mpaka wakati wa kulala. Kamera hubadilika: mara Al-Kaaba, mara mahujaji wanaotufu, mara minara. Lakini nembo ya stesheni na maandishi yake hayatembei. Nyumba nyingine haifungui Makka, hufungua stesheni ya habari yenye mkanda mwekundu chini ya picha, na matokeo ni hayo hayo.

Jambo hili tungeliona dogo lau lisingeleta mtafaruku katika nyumba za watu. Tunamfahamu mama mmoja mjane, wa miaka 70 na ushei, anayekaa peke yake mchana kutwa wakati wanawe wako makazini. Wanawe walichanga fedha wakamnunulia televisheni kubwa ya bei ghali. Haukupita mwaka wa pili, nembo ikaganda. Mwanawe mkubwa akamwambia, "Mama, ukiiacha Makka kutwa nzima kioo kitaungua." Naye akajibu, "Mwanangu, Makka haiunguzi kitu." Tangu siku hiyo mama akawa anaogopa kuifungua televisheni mpaka mtu arudi, na nyumba ikawa kimya. Tulipopata habari hizo tuliona kwamba mwana na mama, kila mmoja ana sehemu ya haki yake, na kwamba maelezo mazuri yangeliwatosha wote wawili.

Kwanza, neno "kuungua" linapotosha. Hakuna kilichoungua. Kilichotokea ni kuchakaa, tena kuchakaa kusiko sawa. Mfano ulio karibu nasi ni msala. Chukueni msala wa zulia uliosaliwa miaka mingi na mtu yule yule. Pale panapofika magoti na paji la uso, manyoya yamelala na rangi imepungua, na kando kando msala bado ni mpya. Hakuna aliyeuchoma moto. Umetumika zaidi mahali fulani, basi.

Kioo cha televisheni za kisasa ziitwazo OLED kiko hivyo hivyo. Kimejengwa kwa nukta, na katika televisheni ya daraja la 4K nukta hizo ni zaidi ya milioni 8. Kila nukta ina vitaa vidogo vya rangi, vilivyotengenezwa kwa tabaka nyembamba mno za misombo ya kaboni inayotoa mwanga umeme unapopita. Elimu hiyo ilitangazwa mwaka 1987 na wanasayansi wawili wa kampuni ya Kodak, Ching Tang na Steven Van Slyke. Sony iliuza televisheni ya kwanza ya aina hii mwaka 2007, ya inchi 11 tu, na LG ikaleta ya inchi 55 mwaka 2013. Uzuri wake haupingiki. Kila kitaa hujiwasha na kujizima chenyewe, kwa hiyo usiku katika picha huwa usiku kweli, sio kijivu. Lakini kitaa kinachojiwasha chenyewe pia huzeeka chenyewe. Kila saa kinapowaka, nguvu yake hupungua kidogo, na kikiwaka kwa mwangaza mkubwa hupungua upesi zaidi. Nembo nyeupe inayong'aa saa 15 kwa siku katika pembe ile ile huzeesha vitaa vya pembe hiyo peke yao. Kwa hakika nembo haikuandikwa kiooni. Tunachokiona ni mahali ambapo mwanga umefifia.

Sisi tuliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 tulishayaona haya. Televisheni ya kisanduku, yenye mgongo mrefu, ilipakwa ndani ya uso wake unga maalumu unaong'aa unapopigwa na mkondo wa elektroni, na unga huo ulichoka mahali palipopigwa siku zote. Katika viwanja vya ndege uliweza kusoma kivuli cha jedwali la zamani chini ya jedwali jipya. Ndiyo sababu kompyuta za wakati ule ziliwekewa picha za kutembeatembea zikiachwa bila ya kutumiwa. Baadaye zikaja plazma, nazo zikawa na ugonjwa huo huo. Panasonic, Samsung na LG zote zilikuwa zimeacha kuzitengeneza kufikia mwisho wa mwaka 2014, ingawa baadhi ya jamaa bado wanazo na wanazisifu.

Televisheni za LCD ni mlango mwingine. Humo nukta hazitoi mwanga wenyewe. Nyuma yake pana taa, na nukta ni kama mapazia madogo yanayofunguka na kufunga. Pazia laweza kung'ang'ania likiachwa mahali pamoja muda mrefu, kwa sababu chaji ya umeme hubaki ndani yake, lakini aghalabu hulegea likipumzishwa. Na hapa tunawaomba wasomaji wawe macho dukani, maana majina yanachanganya. Televisheni iliyoandikwa LED ni LCD. Iliyoandikwa QLED nayo ni LCD, hata kama herufi zake zafanana na OLED kama mapacha. Tumekutana na mtu aliyenunua moja akidhani ni nyingine, na muuzaji hakumsahihisha.

Sasa tuje kwenye tiba. Kabla ya yote, yapasa kujua kama ugonjwa uko kiooni au uko katika matangazo. Bonyezeni rimoti mfungue menyu ya televisheni yenyewe, au hamieni kifaa kingine, kama vile mashine ya michezo ya watoto. Nembo ikitoweka, kioo ni kizima, na tatizo liko katika kisanduku cha satelaiti au katika stesheni. Ikibaki, kioo kimeguswa.

Kisha tazameni picha za rangi moja zilizojaa kioo kizima: kijivu, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu. Picha hizo zapatikana kwa urahisi, na kijana yeyote wa nyumbani atawatafutia. Fungeni mapazia. Alama inayoonekana kwenye nyekundu peke yake huonyesha kuwa ni vitaa vyekundu vilivyochoka, na hiyo ndiyo kawaida ya wapenzi wa stesheni za habari. Maabara ya RTINGS ya Canada ilianza Januari 2018 kuwasha televisheni 6 za OLED za aina moja, saa 20 kila siku. Mbili kati yake zilionyesha CNN, yenye nembo nyekundu, moja kwa mwangaza wa juu kabisa na nyingine kwa mwangaza wa kadiri. Zote mbili zilipata alama ya kudumu, lakini ile ya mwangaza wa juu iliathirika zaidi. Msomaji na aweke jambo hilo la mwangaza akilini, kwa sababu tutalirudia.

Baada ya hapo, subirini. Tazameni vitu vingine kwa siku mbili tatu. Katika LCD na plazma, alama iliyoganda kwa muda tu huanza kufifia, na kuizima televisheni usiku kucha huisaidia. Katika LCD, hata picha nyeupe tupu kwa saa chache yaweza kuifuta. Ikiwa alama inapungua, msifanye lolote zaidi.

Kwa OLED kuna tiba ambayo televisheni yenyewe imezaliwa nayo, na hapa ndipo tulipogundua jambo ambalo hatukulitazamia katika nyumba za Waswahili. Televisheni hizi hujipima. Katika televisheni za LG, kwa mfano, zikishatumika kwa jumla ya saa 4 kisha zikazimwa kwa rimoti, hungojea watu waondoke, halafu kwa dakika chache hukagua nukta zake na kuzirekebisha, ili zilizochoka zipewe umeme wa kuzisawazisha na wenzake. Zikitimiza saa 2,000 hufanya ukaguzi mrefu zaidi, wa karibu saa nzima. Kazi hii yote hufanyika kioo kikiwa cheusi, na sharti lake ni moja: umeme uwepo.

Na soketi za Uingereza, tofauti na za nchi nyingi za Ulaya, zina swichi ukutani. Wazee wetu walilelewa kuzima kila kitu ukutani kabla ya kulala, na walikuwa na sababu njema: bei ya umeme, na hofu ya moto. Kwa hiyo kila usiku, dakika ile ile televisheni inapotaka kuanza kujitibu, swichi inazimwa. Mwaka mzima wapita haijapata hata usiku mmoja wa matibabu. Kwa mama yule tuliyemtaja mambo yalikuwa hivyo. Swichi ilizimwa kila siku baada ya Isha, kwa uaminifu kabisa.

Juu ya gharama, tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukiwafanyisha wanafunzi wetu. Tangu mwaka 2013 kanuni za Ulaya, ambazo Uingereza nayo ilizifuata, zilitaka kifaa kilichozimwa kwa rimoti kisile zaidi ya nusu wati. Nusu wati kwa saa 8,760 za mwaka ni yuniti 4.4 hivi. Hata yuniti moja ikiwa peni 30, jumla ni pauni moja na peni 30 kwa mwaka. Ikiwa televisheni imewekwa kungojea mtandao hula zaidi, lakini hata wati 2 ni pauni 5 na ushei. Haya na yapimwe na bei ya televisheni mpya. Mwenye hofu ya moto hatumlaumu. Na azime kwa rimoti jioni, aiache swichi mpaka asubuhi, kisha aizime akipenda. Mkisafiri, ng'oeni plagi kabisa.

Zikipita wiki mbili tatu na alama haijapungua, mnaweza kuianzisha tiba ndefu kwa mkono. Katika menyu za LG huitwa Pixel Cleaning, na katika za zamani Pixel Refresher. Sony huiita Panel Refresh. Huchukua karibu saa moja. Msishtuke mkiona mstari mweupe ukipita kiooni karibu na mwisho wake. Lakini isifanywe mchezo. Sony yenyewe yaonya isifanywe zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwani yaweza kupunguza uhai wa kioo. Tumesikia kijana aliyekuwa akiifanya kila Ijumaa akidhani anaoga televisheni yake.

Hali kadhalika tunatahadharisha juu ya zile video za rangi zinazomemeteka upesi, ambazo hudaiwa kuwa zikiachwa usiku kucha hufuta alama. Kwa LCD au plazma yenye alama ya muda, zaweza kufaa kidogo, kwa vile picha yoyote inayotembea hufaa. Kwa OLED iliyochakaa hazirudishi chochote. Turejee kwenye msala: ukiona umechakaa mahali pa magoti, ukaamua kuusugua wote mpaka ulingane, utapata msala uliolingana, lakini mzee. Wala msiusugue uso wa kioo kwa dawa za madirisha. Alama haiko juu ya kioo, na dawa hizo huharibu tabaka la kuzuia mng'ao. Kitambaa laini kikavu chatosha kwa vumbi.

Na kama vitaa vimechakaa sana kupita uwezo wa kusawazishwa, ukweli ni kwamba hakuna fundi anayeweza kuvifufua. Kinachobaki ni kubadilisha kioo kizima, na bei yake mara nyingi hukaribia ya televisheni mpya. Fundi akiahidi kuondoa alama hiyo kwa "programu" huku akitaka malipo ya mbele, mshukuruni kwa kuja na mfunge mlango.

Lakini alama hafifu inayoonekana katika mbingu ya buluu tu si msiba. Wengi hukaa nayo miaka. Lililo muhimu ni isiongezeke, na hapa twarudi kwa mama yetu, kwa maana kumkataza Makka hatukukuona kuwa ni dawa.

Mwangaza ndio wa kwanza kupunguzwa. Televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa mwangaza wa kushindana na taa za duka. Sebule ya London wakati wa baridi haina haja nao. Pili, menyuni mna kipengele kinachofifisha nembo zisizotembea, na kingine kinachoisogeza picha kidogo kidogo bila ya jicho kutambua. Hakikisheni vyote vimewashwa. Tatu, na hili ndilo lililompendeza mama kuliko yote, televisheni nyingi za OLED zina uwezo wa kuzima picha na kubakisha sauti. Mama alikuwa haketi mbele ya kioo kutwa. Alikuwa jikoni, au ameshika tasbihi yake, akisikiliza kisomo. Tulimwonyesha kitufe. Sasa husikiliza kisomo kioo kikiwa cheusi, na ukifika wakati wa sala ya Makka huiwasha picha akawatazama watu wakisujudu. Vitaa vinapumzika na nyumba haiko kimya tena. Nembo yake bado ipo, ila swichi haiguswi usiku, na mwanawe asema imefifia mpaka ni lazima uitafute.

Kwa anayekusudia kumnunulia mzee televisheni sasa, rai yetu ni LCD, kwa nyumba ambayo stesheni haibadilishwi. Usiku wake hautakuwa mweusi sana, lakini anayetazama tawafu mchana hataona tofauti ya kumkosesha raha, na fedha itakayobaki si haba. Mambo ni hayo hayo kwa kamati za misikiti zinazotundika kioo cha nyakati za sala. Jedwali lile halitembei mwaka mzima. Liwekwe kwenye LCD, maandishi meupe juu ya weusi mtupu yapunguzwe mwangaza, na kioo kizimwe baina ya Isha na Alfajiri, ambapo hakuna anayekitazama isipokuwa paka.

Tumeulizwa pia juu ya dhamana. Someni karatasi kabla ya kulipa, si baada yake, kwa kuwa dhamana nyingi huitoa alama hii wazi wazi katika yale wanayoyafidia. Hata hivyo, karatasi ya mtengenezaji haifuti sheria ya nchi. Chini ya Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015, ni duka lililowauzia ndilo linalopaswa kujibu, na bidhaa yapasa iwe ya ubora wa kuridhisha na yenye kudumu kadiri mtu mwenye akili angelitarajia. Katika miezi 6 ya kwanza ni juu ya duka kuthibitisha kuwa kasoro haikuwapo tangu mwanzo. Baada ya hapo uthibitisho unahamia kwenu, na dai laweza kupelekwa mahakamani hadi miaka 6 Uingereza na Wales, na miaka 5 Scotland. Mtu aliyeiacha nembo moja saa 15 kila siku atakuwa na kesi ngumu, tusidanganyane. Lakini televisheni iliyopata alama katika mwaka wake wa kwanza kwa matumizi ya kawaida, msikubali kuambiwa ni kosa lenu kabla ya kuandika barua, na mbakishe nakala.

Mwisho ni kwa ndugu zetu wanaonunua televisheni zilizotumika ili wazipakie kwenye kontena kuelekea Unguja au Mombasa. Plagi ni ile ile na umeme unakubaliana, kwa hiyo biashara hii inavutia. Alama iliyochakaa haionekani kwenye filamu ya mapigano ambayo muuzaji atawaonyesha. Nendeni na simu au kidude cha kumbukumbu chenye picha tano tupu, za kijivu, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu, mziweke mmoja mmoja huku taa za chumba zimezimwa, na mtazame pembe nne pamoja na ukanda wa chini. Hazichukui dakika tano. Muuzaji asiyetaka kuiwasha mbele yenu, mwachieni televisheni yake.